Siku Niliyomfanya Baba Aseme Kweli

Wanafunzi wenzake walimpachika jina la Futi wiki ya kwanza tu ya masomo, naye hakulikataa. Alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa alitoka kibandani kwake moja kwa moja kuja darasani, mara nyingi futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Lakini jina lilimshika zaidi kwa sababu ya tabia yake. Mteja akileta kitambaa cha mita tatu na gauni likala mbili na nusu, ile nusu ilirudi kwa mwenyewe imekunjwa na kupigwa pasi. Mafundi wenzake walimcheka, wakamwambia kwamba mabaki ni posho ya fundi tangu dunia iumbwe. Aliwajibu kwamba mwizi wa sindano na mwizi wa ng'ombe hula sahani moja.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, mjane, mama wa watoto wawili waliokwisha kujitegemea. Nyumbani alibaki yeye na baba yake. Aliacha shule darasa la mwisho la msingi, na sasa alikuwa amejiandikisha katika darasa la watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Walisoma alasiri, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, katika chumba ambacho asubuhi kilitumiwa na watoto wadogo. Madawati yalikuwa mafupi, na magoti ya watu wazima yalichomoza juu kama ya panzi. Ukutani kulikuwa na picha za matunda na tarakimu kubwa za rangi, na watu waliokwisha kuzaa walijifunza chini ya picha hizo bila kuona haya. Hilo peke yake ni jambo la kusifiwa, kwa maana wengi hupenda kufa na ujinga kuliko kuonekana wakijifunza.

Mwalimu wao alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Aliona kwamba darasa lake linaanguka vibaya katika ufupisho, akabuni utaratibu wake. Kila alasiri ya Alhamisi watu wawili au watatu wangesimama mbele na kusimulia kisa cha kweli cha siku waliyojua kwamba utoto umekwisha. Lakini kulikuwa na sharti. Kila anayefuata lazima kwanza asimulie upya kisa cha aliyemtangulia, kwa maneno yake mwenyewe, ndipo aje na chake. Kanuni aliiandika ubaoni na haikufutwa mwezi mzima: Usiongeze, usipunguze.

Watu walilipenda zoezi hilo kuliko walivyotarajia. Mfanyakazi wa usafi wa hospitali, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kuambukiza, alisimulia jinsi alivyoachiwa wadogo zake watatu na akajifunza kupika kwa kuunguza. Muuza mikate alisimulia alivyovaa viatu vya kaka yake aliyefariki. Walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa kuinua kidevu tu walianza kuulizana habari za nyumbani.

Zamu ya Futi iliangukia Alhamisi ya nne, baada ya Kiranja. Alikuwa na karatasi yake tayari, imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Aliiandika kwa juma zima, akaipitia kama anavyopitia mshono, na juu yake akaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: Siku Niliyomfanya Baba Aseme Kweli. Hakuna jambo katika maisha yake alilojivunia kama hilo. Watoto wake walilijua kwa moyo, kwa sababu kila walipodanganya walisimuliwa.

Kiranja alikuwa msimamizi wa mafundi wa ujenzi, mtu wa miaka arobaini na saba, kifua kipana na mdomo mwepesi. Aliwahi kufeli kidato cha nne zamani, na sasa kazini kwake walimtaka alete cheti la sivyo asingepandishwa cheo. Darasa lilimchagua kuwa kiranja kwa sababu hakuna aliyeweza kumnyamazisha, na waliona heri kelele zile ziwe na cheo. Akasimama, akavuta suruali juu ya tumbo, akaanza.

Alisema kwamba katika shule ya bweni aliyosoma, mvulana hakuhesabiwa mwanamume mpaka aogelee ndani ya tangi la maji. Lilikuwa tangi la chuma, limesimama juu ya miguu minne nyuma ya jiko, limepakwa rangi ya kijani, na ngazi yake ilikuwa nyembamba kama mbavu za mbuzi. Jua la Jumapili mchana, walimu wakiwa wamelala, wavulana walipanda mmoja mmoja, wakavua nguo na kujitosa. Darasa likaangua kicheko. Mama wa hospitali akauliza kama maji yale ndiyo waliyokuwa wakinywa, na Kiranja akamwambia kwamba ndiyo maana chai ya shule ile ilikuwa na ladha ambayo hajaipata tena mahali popote.

Shida, akaendelea, ilikuwa kufuli. Tangi lilikuwa na mfuniko, na mfuniko ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa shingoni mwa fundi bomba wa shule, mtu mkimya ambaye wanafunzi walimwita Mzee Koki.

Futi alikuwa ameinamia daftari akiandika vidokezo, maana ndiye atakayesimulia upya. Kalamu ikasimama.

Kiranja hakuona kitu. Alieleza jinsi siku moja Mzee Koki alivyolala chali chini ya sinki la bweni, na kwa kuwa kamba ya ufunguo ilikuwa ikimkaba, aliivua na kuitundika kwenye bomba. Kiranja, wakati huo mvulana wa miaka kumi na sita, alikuwa akinawa. Akaukandamiza ufunguo kwenye kipande cha sabuni yake, akaurudisha mahali pake, akaondoka akipiga mluzi. Kwa siku tatu za somo la ufundi chuma, mwalimu akidhani anatengeneza bawaba, alikaa na tupa akichonga ufunguo. Jumapili iliyofuata kufuli lilifunguka kama siagi. Hapo ndipo alipojua amekuwa mtu mzima, akasema, kwa sababu wavulana wa kidato cha nne walimpa mkono.

Waliogelea majuma mengi. Kisha Jumapili moja walisikia nyayo karibu na jiko, wakateremka mbio na nguo mikononi, na kila mmoja akidhani mwenzake amefunga mfuniko. Hakuna aliyefunga. Paka wa jikoni akatumbukia. Siku tano baadaye watoto sitini walikuwa wamelazwa kwa kuharisha, na Kiranja mwenyewe alikuwa mmojawapo, akinyweshwa dawa kitanda kimoja na mwenzake aliyeogelea naye, wakiogopa hata kutazamana. Hapa aliigiza jinsi walivyokuwa wakigombania choo, na darasa zima lilikuwa likifuta machozi ya kicheko.

“Na huyo Mzee Koki?” akauliza mwalimu.

Kiranja akapunguza sauti kidogo. Alisema kwamba kufuli lilikutwa wazi bila mkwaruzo, ufunguo mmoja, shingo moja. Wakamfukuza. Yeye aliutupa ule wa kuchonga chooni, na kwa kweli alikusudia kwenda kusema, lakini likizo ikaingia, halafu muhula mwingine, na tena akasikia kwamba mzee mwenyewe alikiri kwa maandishi, kwa hiyo akajiambia kwamba labda hata yeye aliwahi kuliacha wazi siku nyingine. Akatoa kicheko kifupi, akamalizia kwa kusema kwamba utoto ni ugonjwa, na yeye alipona. Wakampigia makofi.

Mwalimu akaita jina la anayefuata. Aliita mara mbili.

Futi alisimama akishika ukingo wa dawati la kitoto. Baadaye mama wa hospitali alisema kwamba alidhani mwenzao anataka kuzimia, maana uso ulikuwa umepauka na midomo imekauka kama ya mgonjwa wa homa. Lakini alitembea mpaka mbele. Akasoma kanuni ubaoni kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza, akageuka na kuanza kusimulia upya.

Hakuongeza wala hakupunguza. Sinki, kamba, bomba, sabuni, tupa, siku tatu, mfuniko, paka, watoto sitini. Ila kisa kile kile kilipopita mdomoni mwake kilitoka bila kicheko, na watu walishangaa kwamba walikuwa wamecheka. Wengine waliinamisha vichwa. Kiranja, aliyekuwa ameegemea ukuta akitabasamu, aliacha kuegemea. Futi alipofika mwisho akasema kwa sauti ile ile anayotajia vipimo vya nguo:

“Huyo Mzee Koki ni baba yangu mzazi. Ninaishi naye.”

Mwalimu akamwendea, akamshika kiwiko, akamwambia taratibu kwamba anaweza kukaa, kisa chake kitasubiri. Futi akasema hapana, zamu ni zamu. Akafungua pochi, akaikunjua ile karatasi mara nne. Mtu mwingine angeichana. Yeye aliisoma yote, kwa sababu ndiyo aliyoileta, na msomaji wa kisa hiki ajue kwamba hakuna adhabu iliyowahi kumpata mwanamke yule kali kuliko ile aliyojisomea mwenyewe.

Karatasi ilisema kwamba alipokuwa na miaka kumi na mitatu, baba yake, fundi bomba wa shule, alifanya uzembe uliowalaza watoto hospitalini. Kwamba baba alikana kwa siku sita, akisema alifunga, alifunga, alifunga. Kwamba kamati ya shule ilimpa njia mbili: akiri kwa maandishi aondoke kwa amani, au apelekwe polisi. Kwamba mama alilia tu, wajomba walinong'ona tu, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kumkabili. Ndipo yeye, mtoto, alipokwenda kusimama mbele ya baba yake na kumwambia: Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kusema kweli, sema kweli na wewe. Kwamba baba alimtazama kitambo kirefu, kisha akaomba kalamu. “Siku hiyo,” ikamalizia karatasi, “nilijua kwamba utoto wangu umekwisha, kwa maana nilimsaidia baba yangu kuwa mkweli. Tulihama nyumba ya shule siku ya tatu, na sijajuta.”

Aliisoma mpaka neno la mwisho, akaikunja tena mara nne.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa hospitali alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mwalimu alifuta ubao mzima bila sababu, akasema leo tuishie hapa, ingawa saa kumi na mbili ilikuwa haijafika.

Wapo watu wanaoamini kwamba kusema kweli ni kazi ya mdomo. Futi alikuwa mmoja wao. Njiani kutoka mlangoni mpaka getini, hatua zisizozidi arobaini, jambo lilimpiga ambalo miaka thelathini na mmoja halikuwahi kumgusa. Siku ile alimwomba baba yake akiri. Ukweli hakuuomba. Hakuwahi hata mara moja kumuuliza, wakiwa wawili tu, kama alifunga au hakufunga. Alisikia kamati, akasikia majirani, akamsikia mama akilia, akatoa hukumu. Na baba, aliyeweza kuhimili tishio la polisi, hakuweza kuhimili macho ya mtoto wake, akaandika uongo kwa mkono wake ili mtoto apate kumheshimu. Na kweli alimheshimu. Alimheshimu kama mtu anavyomheshimu mwizi aliyetubu.

Kiranja alimkuta getini. Mdomo wake wote mwepesi ulikuwa umekwenda. Alianza kwa kusema dada yangu, kisha mama, kisha akarudi kwenye dada. Alisema hakujua, akaapa hakujua. Alisema anaweza kumpelekea mzee chochote, anaweza hata kumjengea chumba, mafundi anao. Halafu akasema lile ambalo watu husema wanapotaka kujificha nyuma ya huruma:

“Lakini dada, mzee ni mtu mzima sana sasa. Tukimtonesha kidonda cha zamani, si tutamuua? Tumwache apumzike.”

“Wewe ulipumzika miaka thelathini na mmoja,” akasema Futi. “Na mimi nilipumzika pamoja na wewe. Yeye hajapumzika. Twende.”

“Leo hii?”

“Darasani ulisimama ukasimulia mbele ya watu kumi na watano ambao hawakukudai kisa hicho. Utasimama mbele ya mmoja anayekidai.”

Wakaondoka pamoja. Kibanda cha ushonaji kilikuwa umbali wa mitaa miwili, na nyumba ilikuwa nyuma yake. Kulikuwa bado na mwanga wa kutosha. Mzee Koki alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani, miaka sabini na minane, miwani imefungwa kwa uzi, akibadilisha raba ya bomba la jirani. Hakuwahi kuajiriwa tena mahali popote baada ya ile barua. Aliishi kwa kutengeneza mabomba ya watu wa mtaani, na wengi wao walimwita fundi bila kujua alikotoka. Alimwona binti yake na mgeni, akasogeza koki na spana kumpa mgeni nafasi ya kukaa. Kiranja hakukaa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Karibu. Nyumbani kwako kumevuja nini?”

Kiranja akamtazama Futi, na Futi hakumwokoa. Basi akasema. Alikosea mpangilio, akarudi nyuma, akajirekebisha. Alitaja shule, tangi la kijani, sinki la bweni. Alipofika kwenye sabuni, mikono ya mzee ilisimama, lakini spana hakuiachia. Alipofika kwenye paka sauti yake ilipasuka, na lile pande la mtu lenye kifua kipana likapiga magoti kwenye sakafu ya baraza, kati ya mabomba, na kumalizia likiwa chini. Kwamba ni sisi. Kwamba ni mimi. Kwamba ulifunga.

Futi alihofia yale aliyohofia Kiranja. Aliona kifua cha baba yake kikipanda na kushuka ndani ya shati kuukuu alilomshonea yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na neno la kumfundisha mtu.

“Ulichonga wewe?” mzee akauliza hatimaye.

“Mimi, mzee.”

“Kwa tupa?”

“Kwa tupa.”

“Kufuli lile lilikuwa na meno matano.” Alitikisa kichwa, na haikujulikana kama ni kwa hasira au ni ufundi unaousalimu ufundi. “Nimelifikiria kila siku. Nilifika mahali nikaanza kujishuku mwenyewe. Unajua mtu akijishuku mwenyewe anavyokuwa? Anafunga mlango, halafu anaamka kwenda kuutazama.”

Kiranja alilia kama mtoto, jambo lisilopendeza kwa mtu wa umri ule, lakini lililomstahili. Aliomba radhi. Mzee hakumpa wala hakumnyima. Alimwambia ainuke, sakafu ina vipande vya chuma. Akamwambia kesho aende akayaandike hayo yote kwa mkono wake, kama yeye alivyoandika, na aipeleke karatasi kule shuleni, hata kama waliomfukuza wamekwisha kufa, maana makabati ya ofisi huishi kuliko watu. Kiranja akasema atakwenda. Inapasa kusemwa hapa kwamba alikwenda kweli, na habari hizo zilipofika kazini kwake, cheo alichokuwa akikitafuta kilichelewa, na hakulalamika.

Kiranja alipoondoka, mzee aligeuza uso kumtafuta binti yake. Binti alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha kibanda, futi bado shingoni.

“Umesikia alivyosema?”

“Nimesikia, baba. Ni mimi niliyekuletea kalamu.”

“Ulikuwa na miaka kumi na mitatu.”

“Nilikuwa na kumi na mitatu,” akasema Futi, “kisha nikawa na ishirini, nikawa na thelathini, nikawa na arobaini. Wanangu nimewalea kwa kisa hicho. Sikukuuliza, baba. Siku hata moja sikukuuliza.”

Alitaka kuendelea. Alikuwa na maneno mengi ya kujilaumu, yamepangwa vizuri, maana kujilaumu nako aliweza kukufanya kwa unadhifu. Mzee aliinua mkono wenye mafuta ya mashine akamkatiza. Aliweka spana chini, akaitoa miwani na uzi wake, akaishika magotini.

“Basi niulize.”

Futi akasogea karibu, akachutama mbele yake kama baba alivyokuwa akimchutamia utotoni kumfunga kamba za viatu.

“Baba, uliufunga mfuniko?”

“Nilifunga, mwanangu.”

“Nakuamini,” akasema.